Anayefika kwenye barafuto kwa gari aelezwe anakanyaga nini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme machache kuhusu makala ya safari mliyoichapisha hivi karibuni, iliyohusu barabara ya Icefields Parkway katika jimbo la Alberta nchini Kanada. Makala ile imeandikwa kwa lugha nzuri, picha zake zinavutia, na ni wazi kwamba mwandishi alifika mwenyewe mahali alipopaeleza. Hata hivyo, kwa msomaji anayekusudia kukodi gari na kuifuata njia hiyo, kisha kushuka na kutembea kwa miguu kati ya barafuto, yaani mito ya barafu inayoteremka polepole, na maziwa ya milimani, makala iliacha jambo lililo kubwa kuliko yote iliyoyataja, nalo ni kueleza barafuto ni kitu gani, inafanya nini, na kwa nini mtu aliyesimama mbele yake anapaswa kujua.

Barabara hiyo ina urefu wa kilomita 230 hivi, kutoka kijiji cha Lake Louise hadi mji wa Jasper, na inapita ndani ya hifadhi mbili za taifa: Banff, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1885, na Jasper iliyotengwa mwaka 1907. Ujenzi wake ulianza mwaka 1931, katika mdororo mkuu wa uchumi, ili kuwapatia kazi watu waliokosa ajira, na ikafunguliwa mwaka 1940. Kabla ya hapo safari ilikuwa ya farasi na miguu. Norman Collie na Hermann Woolley, waliopanda Mlima Athabasca mwaka 1898 na kutoka kileleni wakaliona uwanda mkubwa wa barafu unaoitwa leo Columbia Icefield, walifika huko baada ya safari ndefu ya kuvuka mito ya maji ya barafu, kukata njia msituni na kulala nje kwenye baridi. Mtu wa namna hiyo alipoifikia barafuto, mlima ulikuwa umeshamfundisha mengi njiani. Dereva wa leo hunywa chai hotelini asubuhi, akaendesha kwa saa mbili tatu katika lami iliyo laini, akaegesha gari, na ncha ya barafuto ya Athabasca iko mbele yake, mwendo mfupi tu kutoka maegesho. Hakuna kilichomfundisha chochote. Kazi hiyo, kwa maoni yangu, imebaki kwa waandishi wa safari, na ndiyo maana nalalamika.

Makala yenu iliita barafuto hiyo uwanja mweupe uliolala kimya. Sivyo ilivyo. Theluji inayoanguka juu ya uwanda wa Columbia hukusanyika mwaka baada ya mwaka, ya juu ikiikandamiza ya chini hadi hewa inapungua na theluji inakuwa barafu ngumu, na uzito wake wenyewe unailazimisha kuteremka bondeni. Athabasca, yenye urefu wa kilomita sita hivi, ni mojawapo ya mikono inayotoka kwenye uwanda huo, nayo inakwenda mchana na usiku ingawa jicho haliwezi kuuona mwendo wake. Barafu iliyo chini kabisa, kwa kubanwa na uzito, hujipinda bila kuvunjika. Ile ya juu ni ngumu na dhaifu, kwa hiyo kila inapopita juu ya mwinuko wa mwamba au kona ya bonde hupasuka na kufanya nyufa zenye kina cha makumi ya mita. Theluji ya majira ya baridi huja ikazifunika nyufa hizo, ikaacha juu yake daraja jembamba lisiloonyesha kilicho chini. Mgeni anayetazama kutoka pembeni huona mteremko mpana, wenye vumbi na changarawe, ambao hata mtoto angeweza kuupanda.

Hapo ndipo panapotokea vifo. Wasimamizi wa hifadhi wameweka kamba na mabango kwenye ncha ya Athabasca, na mabango hayo hayazungumzi kwa mafumbo: yanasema kwamba watu wametumbukia katika nyufa na wamekufa kwa baridi kabla waokoaji hawajaweza kuwatoa. Ufa wa barafu huwa mpana juu na mwembamba chini, kwa hiyo aliyetumbukia hubanwa kifua, joto la mwili wake linayeyusha barafu kidogo, anazidi kuteremka, na kila dakika inayopita inamwia vigumu zaidi mwokoaji aliye juu na kamba yake. Si lazima mtu awe amepanda sana. Nyufa zipo hata mahali ambapo sauti za watu walio maegeshoni zinasikika. Pamoja na hayo yote, nilipokuwa pale niliwaona watu wazima wakiinua kamba, wakainama na kupita na watoto wao ili wapate picha. Nina hakika hawakuwa wakaidi wa kuzaliwa. Walikuwa wamesoma makala kama yenu, zilizoonyesha mtu amesimama juu ya barafu kwa viatu vya kawaida, bila kamba, bila meno ya chuma miguuni, bila kiongozi, na bila neno hata moja chini ya picha kueleza ni nani alimruhusu kusimama pale. Anayetaka kutembea juu ya barafuto yenyewe anaweza kufanya hivyo kwa usalama akiwa na waongozaji wenye kibali, ambao huwafunga wageni viatu vya meno, huijua njia ya siku hiyo, na huijua kwa sababu waliipitia jana yake.

Kuna jambo jingine ambalo mabango ya njia ile yanalieleza vizuri kuliko makala. Kutoka maegeshoni hadi ncha ya barafu, vimesimikwa vibao vyenye miaka, kila kibao kikionyesha barafu ilipokomea mwaka huo. Katikati ya karne ya 19 barafuto hiyo ilifika karibu na ilipo barabara leo. Tangu wakati huo imerudi nyuma zaidi ya kilomita moja na nusu na kupoteza zaidi ya nusu ya ujazo wake. Wageni wengi huvipita vibao hivyo wakiviona kama kumbukumbu za historia, wakapiga picha pale penye mwaka wao wa kuzaliwa, wakaendelea. Kwa mtembeaji, vibao hivyo vina maana nyingine iliyo ya haraka zaidi. Vinamwambia kwamba ardhi anayoikanyaga imetoka chini ya barafu juzi tu kwa hesabu ya milima. Kifusi kilichoachwa kandokando, yaani zile kingo ndefu za mawe na udongo ambazo wanajiografia huziita moreni, hakijashikana. Jiwe kubwa kama gari linaweza kuwa limeegemea kokoto chache. Chini ya changarawe kunaweza kuwa na barafu iliyobaki ikiyeyuka polepole, na juu yake pakaonekana pakavu na imara. Umbali ulioandikwa katika kitabu cha zamani cha safari, na hata picha ya miaka kumi iliyopita, haviwezi kuaminiwa.

Kuta za mabonde nazo ni za kutazamwa kwa hadhari. Agosti 2012 barafuto ndogo iliyoitwa Ghost, iliyokuwa imening'inia kwenye ukuta wa Mlima Edith Cavell karibu na Jasper, iling'oka na kuangukia kidimbwi kilicho chini yake. Maji yalifurika bondeni, yakafagia njia ya miguu na kuharibu maegesho ya magari. Ilitokea usiku, hakukuwa na mtu, na hakuna aliyeumia. Sihitaji kumweleza msomaji jinsi maegesho hayohayo yanavyojaa saa sita mchana katika mwezi wa Agosti. Juni 2025, kwenye njia inayopendwa sana ya kwenda kwenye maporomoko ya maji ya Bow Glacier, kipande kikubwa cha jabali kiliporomoka kutoka kwenye ukuta wa mwamba, na watu wawili wakapoteza maisha. Siyataji haya ili kumtia mtu hofu ya milima. Nayataja kwa sababu makala yenu iliwashauri wasomaji watafute kivuli chini ya maporomoko hayohayo na kupumzika hapo kwa muda mrefu, ushauri ambao mtu anayeijua milima asingeutoa: chini ya ukuta wa mwamba na chini ya barafu inayoning'inia mtu hupita, hutazama, huondoka, na chakula chake hukilia mbali.

Sasa nije kwenye maziwa, ambayo mwandishi aliyasifu kwa kurasa nzima na rangi yake akaifananisha na vito vya kila aina. Rangi hiyo haitokani na anga wala na mimea ya majini. Barafuto inapoteremka huburuta mawe yaliyoganda chini yake na kuyasugua juu ya mwamba, kama jiwe la kusagia linavyofanya juu ya nafaka, na kinachotoka ni unga wa mwamba ulio laini kiasi cha kuelea ndani ya maji kwa muda mrefu bila kutua. Mito ya maji ya barafu huuleta unga huo ziwani, na chembechembe zake huurudisha machoni mwetu mwanga wa samawati na kijani kuliko rangi nyingine. Ndiyo sababu Ziwa Peyto, linalotazamwa kutoka juu kwenye Bow Summit, huwa na rangi ya kushangaza katika Julai na Agosti, wakati barafu inayeyuka kwa wingi, ilhali anayefika mwanzoni mwa Juni anaweza kulikuta bado limefunikwa na barafu, akadhani amedanganywa na picha. Mwandishi hakutaja mwezi aliokwenda. Kwa barabara hii, kutotaja mwezi ni sawa na kutotaja mahali.

Ukishajua asili ya rangi hiyo, unajua pia kwamba ziwa na barafuto ni kitu kimoja kilichokaa sehemu mbili. Barafuto ya Peyto, inayolilisha ziwa hilo, imekuwa ikipimwa na wanasayansi tangu miaka ya 1960, na vipimo vyao vinaonyesha kwamba inapungua. Siku itakapokoma kuleta unga, maji ya ziwa yatakuwa maangavu zaidi na ile rangi ya samawati na kijani itatoweka. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa mwaka wa kimataifa wa kuhifadhi barafuto, na Machi 21 kuwa siku yake kila mwaka; ingefaa makala inayouza uzuri wa maziwa haya iwe na walau aya moja kuhusu jambo hilo, na iwekwe mapema, msomaji angali ana hamu.

Maji hayo yana tabia ambazo mtembeaji anapaswa kuzijua. Yako juu kidogo tu ya kiwango cha kuganda hata siku ya jua kali, na anayejitosa kwa ghafla hushtuka, akavuta pumzi bila kutaka, akameza maji, na baada ya dakika chache mikono yake inakataa kumtii. Vijito vinavyotoka kwenye barafuto navyo hubadilika na saa: asubuhi, baada ya usiku wa baridi, mtu anaweza kukivuka kijito kwa kuruka mawe, lakini alasiri, jua likiwa limeyeyusha barafu kutwa, kijito hichohicho kinafika magotini, kina rangi ya kijivu isiyoruhusu kuona chini, na kina nguvu ya kumwangusha mtu mzima. Wengi hukwama upande wa pili kwa sababu hiyo. Ushauri wa kuanza mapema, ambao watu huuchukulia kama suala la kukwepa msongamano wa magari, una maana hii kwanza.

Msije mkadhani kwamba napendekeza watu wabaki garini. Ninalopinga ni wazo kwamba kuiona barafuto ni kuikanyaga. Aliyesimama juu yake haioni. Anaona barafu iliyo mbele ya viatu vyake. Kuiona ni lazima uende ng'ambo ya bonde na kupanda. Njia ya Wilcox Pass, yenye jina la Walter Wilcox aliyepita huko mwaka 1896, huanzia upande wa pili wa barabara, hupanda katika msitu wa misonobari kwa muda usio mrefu, kisha hutoka kwenye majani mafupi ya juu ya mstari wa miti, na hapo bonde lote hufunguka. Utaona barafu inavyochungulia ukingoni mwa uwanda wa Columbia, inavyovunjika ikiteremka ngazi za mwamba, inavyotulia tena chini, na jinsi kingo za moreni zilivyobaki juu sana ya barafu ya leo, zikionyesha unene uliokwisha kupotea. Kando yake kuna mlima wa Snow Dome, ambao maji yake hugawanyika yakaenda katika bahari tatu, Pasifiki, Aktiki na Atlantiki. Kutoka huko juu hata yale magari makubwa ya magurudumu mapana yanayowapandisha watalii barafuni yanaonekana kama chawa, na mtu anapata kipimo sahihi cha ukubwa wa mahali alipo.

Njia ya Parker Ridge ni fupi zaidi, ingawa ina mwinuko wa kutosha kumhemesha asiyezoea. Kutoka barabarani huoni chochote cha maana: kilima kisicho na miti na njia inayokwenda kwa kona kona. Ukifika mgongoni, upepo unakupiga usoni, na chini yako, upande wa pili, imelala barafuto ya Saskatchewan, iliyo kubwa kuliko mikono yote ya uwanda wa Columbia, ikitoa mto wenye jina hilohilo. Maelfu ya magari hupita chini ya kilima hicho kila wiki ya kiangazi bila waliomo kujua kilichopo nyuma yake. Nimeshangaa kwamba mwandishi wenu, aliyetumia aya tatu kueleza chumba chake cha hoteli, hakuitaja njia hii hata kwa jina.

Kwa Lake Louise nitasema kwa kifupi. Njia ya Plain of Six Glaciers inafaa kwa asiyetaka kupanda sana, na ina nyumba ya chai iliyojengwa na waongozaji kutoka Uswisi katika miaka ya 1920. Kuhusu Moraine Lake, makala iliwashauri wasomaji wafike kwa gari kabla ya mapambazuko ili wapate maegesho, ilhali tangu mwaka 2023 magari binafsi kwa kawaida hayaruhusiwi katika barabara ya kwenda ziwa hilo, na wageni hupanda mabasi. Kosa hili mngeweza kulizuia kwa simu moja.

Najua jibu litakuwa kwamba ukurasa wa safari ni wa kuburudisha, na kwamba maonyo mengi yatamfukuza msomaji. Sidhani. Msomaji anayeelezwa kwamba barafu inatembea, kwamba rangi ya ziwa ni mwamba uliosagwa, na kwamba kijito cha asubuhi si kijito cha alasiri, amepewa sababu zaidi za kwenda na macho zaidi ya kuonea. Mambo mengine yaliyokosekana yangetosha katika kisanduku kidogo pembeni: kwamba kati ya Lake Louise na Jasper mafuta hupatikana mahali pamoja tu, Saskatchewan River Crossing, kwa hiyo tangi lijazwe kabla ya kuondoka, kwamba mtandao wa simu haupatikani katika sehemu kubwa ya njia, hivyo ramani ipakuliwe mapema na mtu aliyebaki nyuma aambiwe saa ya kurudi, kwamba dubu na mbwa mwitu wasikaribiwe chini ya mita 100, na kulungu na kondoo wa milimani chini ya mita 30, hata kama wamesimama kandokando ya lami na watu wengine wote wameshuka kuwapiga picha.

Makala iliahidi sehemu ya pili, itakayoeleza barabara hiyohiyo wakati wa baridi. Naomba mwandishi aeleze humo kwamba kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31 gari haliruhusiwi kupita bila matairi ya theluji au minyororo. Kwamba kituo cha mafuta nilichokitaja hufungwa majira hayo. Kwamba barabara yenyewe hufungwa, pengine kwa siku nzima, wakati wataalamu wanapoangusha kwa makusudi theluji iliyorundikana milimani isije ikawaporomokea wasafiri. Na kwamba barafu inayofunika ziwa huwa nyembamba pale kijito kinapoingilia na pale mto unapotokea, hata kama katikati ya ziwa kuna watu wanaoteleza kwa viatu vya chuma. Na picha ya mtu aliyesimama barafuni ikichapishwa tena, chini yake yaandikwe maneno ya kueleza alikuwa na nani na alivaa nini miguuni.

Ndimi,
Msomaji wa ukurasa wenu wa safari